Mdudu Hasafiri Peke Yake: Jinsi Wadudu Vamizi Wanavyoingia Katika Maeneo Mapya, na Nafasi ya Mtumiaji

Katika msimu wa maembe, wanunuzi wengi wa mjini Morogoro wamewahi kukutana na jambo hili. Embe limechaguliwa vizuri sokoni, ganda lake ni safi na harufu yake inavutia. Likipasuliwa nyumbani, nyama iliyo karibu na kokwa imelainika na kugeuka rangi, na ndani yake mna mabuu meupe yanayojinyonganyonga. Embe hutupwa jalalani nyuma ya nyumba, muuzaji hulaumiwa, na mnunuzi husahau.

Mabuu hayo hayafi kwa kutupwa. Yakiwa yamekomaa, hutoka ndani ya embe, hujichimbia udongoni, na baada ya siku kadhaa huibuka yakiwa inzi wenye mabawa, tayari kutafuta mti wa mpera au wa mchungwa ulio jirani. Mnunuzi aliyefikiri kwamba amepoteza embe moja amesaidia, bila kukusudia, kuanzisha kizazi kipya cha mdudu ambaye miongo mitatu iliyopita hakuwapo katika orodha ya wadudu wa Tanzania.

Makala haya yanaeleza namna wadudu wa aina hiyo wanavyotoka bara moja hadi jingine, na namna wanavyotoka bondeni hadi milimani. Tumechagua Morogoro na safu ya Milima ya Uluguru kuwa mfano wetu mkuu, kwa sababu huko suala hili limechunguzwa kwa muda mrefu, na kwa sababu huko bado kuna kitu cha kuokoa.

Mdudu vamizi ni yupi?

Si kila mdudu mharibifu ni mdudu vamizi. Mashamba yetu yamekuwa na wadudu wa asili tangu zamani, na wengi wao huliwa na ndege, siafu, buibui, nyigu na wadudu wengine, hivyo idadi yao haivuki kiwango fulani kwa muda mrefu. Mdudu vamizi ni yule aliyeingizwa mahali ambapo hakuwapo kwa asili, akazaliana, akaenea, na kusababisha hasara kwa mazao, kwa mazingira au kwa uchumi.

Mambo matatu humwezesha kufanikiwa. La kwanza ni chakula: anakuta mimea anayoipenda imepandwa kwa wingi. La pili ni hali ya hewa inayofanana na ya kwao. La tatu, ambalo mara nyingi husahauliwa, ni kwamba maadui wake wa asili wamebaki nyuma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu humwacha mwenyeji akiwa hoi.

Njia anazopitia

Watu wengi hudhani kwamba mdudu vamizi huruka kutoka nchi moja hadi nyingine kwa mabawa yake. Wapo wanaofanya hivyo. Nondo wa viwavijeshi vamizi, wanaoshambulia mahindi, wanaweza kusafiri takriban kilomita 100 kwa usiku mmoja wakisaidiwa na upepo. Mdudu huyu, mwenye asili ya Amerika, aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kufika Tanzania. Hata hivyo, wadudu wengi waliotutia hasara walikuja kwa kubebwa. Mifano ifuatayo inaonyesha jinsi ilivyokuwa.

*Ndani ya nafaka.* Dumuzi, mdudu mdogo mweusi anayegeuza mahindi na makopa ya mihogo kuwa unga, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora walianza kuona uharibifu wasioujua ghalani, na mwaka 1981 mdudu huyo akatambuliwa rasmi. Mwaka 1983 alikuwa amefika Taveta, nchini Kenya. Hakuhitaji kuruka umbali huo, kwani magunia ya mahindi yanayopita barabarani na relini yalimtosha.

*Ndani ya vipando.* Kidung'ata cha mihogo, chenye asili ya Amerika Kusini, kilionekana katika eneo la Kinshasa mwaka 1973. Mihogo hupandwa kwa pingili, na pingili hupeanwa kati ya majirani, ndugu na wafanyabiashara. Kwa njia hiyo mdudu huyo, ambaye jike lake halina mabawa, alienea katika sehemu kubwa ya Afrika inayolima mihogo ndani ya miaka isiyozidi ishirini.

*Ndani ya mboga na vifungashio.* Kanitangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake huchimba vijia ndani ya majani na matunda ya nyanya, alitoka Amerika Kusini akaonekana Hispania mwaka 2006. Kutoka huko aliingia Afrika Kaskazini, akashuka kupitia Sudan na Ethiopia, na mwaka 2014 alikuwa amefika Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Nyanya zenyewe humbeba, na matenga na kreti humbeba pia, kwa kuwa mabuu yake yaliyojifunga hujibanza katika nyufa za mbao. Kreti tupu inayorudi shambani kutoka sokoni bila kuoshwa inaweza kuwa na abiria wengi kuliko ile iliyokuja imejaa.

*Ndani ya matunda.* Njia hii ndiyo inayomgusa mtumiaji wa kawaida kuliko nyingine zote, kwa sababu tunda husafiri mkononi, mfukoni, kwenye kikapu cha zawadi na kwenye begi la uwanja wa ndege.

Safari ya inzi wa matunda

Mwaka 2003 wanasayansi waliokuwa wakichunguza inzi wa matunda katika pwani ya Kenya walinasa inzi ambaye hakufanana na wa Afrika. Mwaka huohuo alionekana Tanzania pia. Mwaka 2005 alipewa jina la kisayansi la *Bactrocera invadens*, jina linalomtaja waziwazi kuwa mvamizi. Baada ya uchunguzi zaidi, mwaka 2015 wataalamu walikubaliana kwamba yeye si aina mpya. Ni yuleyule inzi wa matunda wa Asia, *Bactrocera dorsalis*, ambaye amejulikana katika bara hilo kwa muda mrefu. Ndani ya miaka michache alikuwa ameenea katika nchi nyingi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara.

Ili kuelewa kwa nini anasafiri kwa urahisi, ni vyema kufahamu maisha yake. Jike hutoboa ganda la tunda kwa sindano yake ya kutagia na kuweka mayai chini ya ganda. Tundu hilo ni dogo kiasi kwamba jicho la kawaida hulipita bila kuliona, hasa katika siku za mwanzo. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili. Mabuu hula nyama ya tunda kwa muda wa wiki moja hadi mbili, kisha hutoka na kujichimbia udongoni kwa kina cha sentimita chache, ambako hugeuka pupa. Inzi kamili huibuka baadaye. Katika joto la bondeni, mzunguko wote huweza kukamilika kwa takriban mwezi mmoja, na jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja katika maisha yake.

Kwa hiyo, kwa siku kadhaa za maisha yake, mdudu huyu yumo ndani ya tunda linaloonekana zima. Hapo ndipo safari yake inapoanzia. Tunda huchumwa, hupakiwa, huuzwa, hununuliwa na kupelekwa kwingine, na yumkini hakuna hata mmoja katika mlolongo huo anayejua anachobeba.

Jambo la pili linalomsaidia ni kwamba hachagui sana chakula. Hushambulia embe, pera, chungwa, papai, stafeli, parachichi, pichi na matunda mengine mengi, yakiwemo makungu yanayoanguka chini ya mikungu ya vivuli mitaani. Msimu wa maembe unapokwisha, huhamia kwenye mapera. Mapera yakiisha, yapo machungwa na madanzi. Mji wenye miti ya matunda kila kiwanja humpa chakula mwaka mzima.

Bonde na mlima: funzo la Uluguru

Mji wa Morogoro upo kwenye mwinuko wa takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari. Nyuma yake imesimama safu ya Uluguru, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo kilele chake cha juu, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Mtu anayetoka mjini asubuhi kwa gari kwenda Mgeta hufika Nyandira, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, kabla ya mchana. Katika safari hiyo fupi ameacha nchi ya maembe na kuingia nchi ya mapichi, plamu, matofaa, njegere na kabichi.

Tofauti hiyo ya mwinuko iliwapa watafiti maabara ya asili. Kuanzia mwaka 2004, Maulid Mwatawala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), wakishirikiana na Marc De Meyer wa Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati nchini Ubelgiji, waliweka mitego ya inzi wa matunda kutoka bondeni hadi milimani, na kukusanya matunda ili kuona ni inzi gani wanaoibuka ndani yake. Walichokigundua kinaeleweka kwa urahisi. Bondeni, inzi mgeni kutoka Asia alikuwa tele, na idadi yake ilipanda katika msimu wa maembe. Kadiri walivyopanda mlima, alipungua, na Nyandira alionekana kwa nadra. Huko juu matunda ya baridi yalishambuliwa zaidi na inzi wa Afrika aliyezoea baridi.

Sababu kubwa ni joto. Kila mita 1,000 unazopanda, hali ya hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita za Selsiasi, na baridi huchelewesha ukuaji wa mayai, mabuu na pupa wa mdudu huyu. Kwa maneno mengine, mlima umejenga ukuta. Lakini ukuta huo una mlango, nao ni barabara.

Tunasema hivyo kwa sababu inzi wachache walionaswa juu hawakuhitaji kupanda mlima kwa mabawa. Matunda ya bondeni hupandishwa milimani kila siku, kwa biashara na kwa zawadi. Mtu anayetoka Mikese na kapu la maembe kwenda kumjulia hali shangazi yake Nyandira anafanya jambo jema, na Mamlaka haina nia ya kuzuia wema huo. Tunachopaswa kufahamu ni kwamba kila embe lenye mabuu linalofika juu ni jaribio jipya la mdudu. Majaribio mengi hushindwa kwa sababu ya baridi. Katika miezi ya joto, penye mapichi yaliyoiva, mengine huweza kufaulu. Na iwapo joto la milimani litaongezeka, mstari unaomzuia utapanda pamoja nalo. Ukuta wa baridi haupaswi kuwa kinga pekee ya wakulima wa Mgeta.

Nani hulipa gharama?

Wa kwanza kulipa ni mkulima, ambaye matunda yake huanguka kabla ya kukomaa au hukataliwa na mnunuzi. Wa pili ni mchuuzi, ambaye hununua ndoo nzima na kuuza nusu yake. Wa tatu ni mtumiaji, naye hulipa mara mbili: hulipia embe asilolila, na hulipia upungufu wa yale mazuri yaliyobaki.

Ipo gharama nyingine isiyoonekana kwenye bei. Mdudu mpya anapoingia, mkulima asiyemfahamu hukimbilia kupuliza viuatilifu mara nyingi zaidi kuliko inavyoshauriwa, na wakati mwingine huvuna kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko kwisha. Hali hiyo ilionekana katika zao la nyanya baada ya kanitangaze kuingia. Hivyo mdudu tunayemsaidia kusafiri hurejea mezani kwetu akiwa mabaki ya sumu.

Biashara ya nje nayo huathirika. Nchi isiyo na mdudu fulani ina haki ya kukataa matunda yanayotoka mahali alipo. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe mabichi katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya inzi wa matunda, na biashara hiyo ilifunguliwa tena mwaka 2021. Miaka saba ni muda mrefu kwa mkulima aliyepanda miti akitarajia soko hilo.

Unachoweza kufanya sokoni

Kagua tunda kabla ya kulinunua. Tafuta kitundu kidogo kilichozungukwa na duara jeusi au la kahawia, tone la utomvu lililokauka, au sehemu moja iliyolainika kuliko nyingine. Doa la kawaida la ganda, lililo kavu na gumu, si dalili ya mabuu na halipaswi kukufanya ulikatae tunda.

Maembe yaliyochumwa yakiwa yamekomaa lakini bado magumu huwa na uwezekano mdogo wa kuwa na mabuu kuliko yale yaliyoivia mtini au yaliyookotwa chini. Ukiwa na nafasi, nunua magumu na uyaivishe nyumbani.

Mweleze muuzaji unapokuta mabuu, lakini umweleze kwa adabu. Wauzaji wa Soko Kuu la Chifu Kingalu, kama walivyo wenzao wa masoko mengine, hawana macho ya kuona chini ya ganda. Taarifa yako humsaidia kujua shehena ipi na mtaa upi wa mashamba una tatizo.

Unaponunua gunia la mahindi, fungua na uchote kutoka katikati na chini, si juu pekee. Unga mwingi ndani ya gunia na punje zenye matundu ni dalili za dumuzi. Gunia la namna hiyo lisipelekwe kwenye ghala lenye nafaka safi.

Unachoweza kufanya nyumbani

Usitupe tunda lenye mabuu jalalani, shambani, wala kwenye shimo la mboji lisilo na kina. Chagua mojawapo ya njia zifuatazo:

1. Lizike kwa kina kisichopungua nusu mita na ushindilie udongo juu yake, ili inzi wanaoibuka wasiweze kufika juu.

2. Liweke ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana au kiroba chenye bitana ya plastiki, kifunge kabisa, ukianike juani kwa siku kadhaa mpaka mabuu yote yafe. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo hatushauri kutafuta mifuko hiyo. Kiroba cha zamani cha mbolea kinatosha.

3. Lichemshe, kisha uwalishe nguruwe au kuku. Tunda bichi lenye mabuu lisimwagwe bandani, kwa kuwa yale yasiyoliwa hujichimbia humohumo.

Kama una mti wa matunda kiwanjani, okota yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki katika msimu, hata kama hamyali. Mti mmoja wa mpera usioangaliwa unaweza kulisha inzi wa mtaa mzima hadi msimu wa maembe urudi.

Watu wengi hutuuliza kama mabuu ya inzi wa matunda yana madhara kwa aliyeyala kwa bahati mbaya. Mabuu hayo si sumu. Hata hivyo, tunda lililoshambuliwa huoza haraka kwa sababu vimelea huingia kupitia tundu la kutagia, na hatushauri kula sehemu iliyooza. Tena, usipulize kiuatilifu chochote juu ya matunda yaliyokwisha kuvunwa ili kuua mabuu. Sumu haiwafikii ndani, bali hubaki juu kwa ajili yako.

Unachoweza kufanya safarini

Ukipeleka matunda kwa ndugu, hasa kutoka bondeni kwenda milimani, chagua yaliyo magumu na safi, na yale yaliyolainika yaleni nyumbani kabla ya kuondoka. Mpokeaji naye aambiwe azike yatakayoonekana kuwa na mabuu. Hilo halipunguzi thamani ya zawadi.

Usitupe matunda yaliyoharibika kupitia dirisha la basi. Barabara ndefu zenye mashamba pande zote mbili hugeuka njia ya mdudu kwa mazoea hayo madogo.

Unaposafirisha nyanya au matunda kwa biashara, osha kreti na matenga kabla ya kuyarudisha shambani, na yaanike juani. Wakulima wa Mlali, Doma na Mgeta wanaopeleka mazao Dar es Salaam hupokea makasha yaliyolala sokoni pamoja na mazao ya mikoa mingine, na ndani ya nyufa zake huweza kurudi kile ambacho hawakukipeleka.

Usichukue miche, pingili au udongo kutoka eneo lenye mmea unaougua kwa sababu tu aina yake ni nzuri. Nunua miche kwenye bustani zinazokaguliwa.

Ukivuka mpaka

Mtu yeyote anayeingiza nchini mimea, mbegu, miche au matunda anatakiwa kuwa na kibali cha kuingiza, na shehena iwe na cheti cha usafi wa mimea kutoka nchi ilikotoka. Masharti haya yanamhusu pia msafiri mwenye begi dogo. Ukifika uwanja wa ndege, bandarini au mpakani ukiwa na matunda au miche, mweleze mkaguzi kabla hajauliza. Tunda unaloweza kulipoteza pale ni dogo likilinganishwa na miaka ya hasara inayoweza kufuata.

Wasafiri wengine hulalamika kwamba wamenyang'anywa maembe mazuri yasiyo na dosari yoyote. Tunaelewa uchungu wao. Lakini yai lililotagwa jana halionekani kwa macho ya mkaguzi wala ya msafiri, na sheria haiwezi kutegemea sura ya ganda.

Kazi ya Mamlaka, na mipaka yake

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania iliundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Wakaguzi wetu huchunguza shehena zinazoingia na kutoka, tunatoa vibali na vyeti, na tunasajili viuatilifu vinavyoruhusiwa kutumika nchini.

Ni haki ya msomaji kufahamu pia kile tusichoweza. Hatuwezi kufungua kila kapu linalopanda Mgeta, wala kusimama nyuma ya kila jiko. Mdudu akishaingia na kuenea, mara chache huondolewa kabisa. Kinachobaki ni kumpunguza. Lipo tumaini katika udhibiti wa kibiolojia. Kidung'ata cha mihogo kilirudishwa nyuma baada ya wanasayansi kumtafuta adui wake huko kwao, wakampata nyigu mdogo nchini Paraguay mwaka 1981, wakamchunguza kwa makini na kumwachia katika nchi nyingi za Afrika. Kazi hiyo, iliyoongozwa na Hans Herren, ilitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Lakini ilihitaji miaka mingi, fedha nyingi na ushirikiano wa mabara matatu, kwa mdudu mmoja tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukiona mdudu au uharibifu usioufahamu kwenye mazao, piga picha, andika mahali na tarehe, na umjulishe afisa ugani wa kata yako au ofisi ya Mamlaka iliyo karibu. Usimbebe mdudu akiwa hai kutuletea ofisini, maana hata wewe mwenye nia njema unaweza kuwa gari lake. Ikibidi kumchukua, mweke ndani ya chupa yenye pombe kali na kifuniko kinachobana.

Inzi wa matunda wa Asia amekwisha kuwa mkazi wa bondeni, na hatuwezi kumwahidi mtumiaji wa Morogoro embe lisilo na mabuu kila siku. Lakini mapichi na plamu za Mgeta bado ziko juu ya mstari wake. Kuzibakiza huko kunategemea mambo madogo yanayofanywa na watu wengi: shimo la nusu mita nyuma ya nyumba, kreti iliyooshwa, na kapu la zawadi lililokaguliwa kabla gari halijaanza kupanda mlima.